Alexander Graham Bell na Risasi Iliyofichika

Mwanafunzi, fikiri kwamba umefuatana na mama yako kununua pumba za kuku katika mashine ya kusaga huko Igoma, upande wa mashariki wa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Mama anajaza gunia kwa mikono. Ghafula pete yake ya fedha inaponyoka kidoleni na kuzama ndani ya pumba. Utafanya nini? Bila shaka utalimwaga gunia chini na kuzichambua pumba mpaka uipate pete hiyo.

Lakini sasa fikiri jambo lililo gumu zaidi. Tuseme metali imefichika, si ndani ya gunia, bali ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Gunia waweza kulimwaga. Mwili wa mtu huwezi kuumwaga. Kila mara unapoutia kidole au kisu kuitafuta metali hiyo, unamwongezea mgonjwa maumivu na hatari. Je, iko njia ya kujua mahali ilipo metali bila kuugusa mwili kwa kisu?

Mtu mmoja alipambana na swali hilo mwaka 1881, huku maisha ya Rais wa nchi yake yakiwa hatarini. Jina lake ni Alexander Graham Bell. Huenda umesikia kwamba ndiye aliyevumbua simu. Katika sura hii utajifunza habari za maisha yake, na hasa jinsi alivyotumia koili za waya kutafuta risasi iliyofichika. Utaona pia kwa nini kazi yake haikufanikiwa siku ile, na sisi tunajifunza nini kutokana na kosa lililotokea.

Utoto wake

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi, 1847, katika mji wa Edinburgh, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Aliwafundisha watu kusema vizuri, na alitunga alama za kuandika zilizoonyesha jinsi ulimi na midomo inavyokaa mtu anapotamka kila sauti. Mama yake alikuwa na masikio mazito, hata hakuweza kusikia vizuri maneno ya watu. Kijana Bell aligundua kwamba akisema kwa sauti nzito karibu na paji la uso wa mama yake, mama aliweza kumwelewa. Hivyo tangu utotoni alijua kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba mtikisiko huo waweza kupita katika vitu vingine, wala si katika hewa peke yake.

Alipokuwa mtoto wa umri kama wako, alipenda kucheza katika kinu cha nafaka cha baba wa rafiki yake. Kazi ya kuondoa maganda ya ngano ilikuwa ngumu na ya polepole. Bell alitengeneza chombo chepesi chenye brashi za kusugua, nacho kikaondoa maganda hayo kwa urahisi. Tena alimfundisha mbwa wake kunguruma mfululizo, kisha akaichezesha midomo ya mbwa huyo kwa mikono yake mpaka sauti ikasikika kama maneno. Huo ulikuwa mchezo, lakini ndani yake mlikuwa na uchunguzi.

Baadaye huzuni iliingia katika nyumba yao. Ndugu zake wawili wa kiume walifariki kwa ugonjwa wa kifua kikuu, mmoja mwaka 1867 na mwingine mwaka 1870. Wazazi wakaogopa kumpoteza na mtoto wao wa mwisho aliyebaki. Mwaka uleule wa 1870 walihama, wakavuka bahari kwenda Kanada ili apate hewa safi. Bell alikuwa na umri wa miaka 23.

Mwalimu wa wasiosikia na mvumbuzi wa simu

Mwaka 1871 Bell alikwenda katika mji wa Boston, nchini Marekani, kuwafundisha watoto wasiosikia. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa binti aliyeitwa Mabel Hubbard, ambaye alipoteza uwezo wa kusikia kwa ugonjwa alipokuwa mdogo. Bell na Mabel walioana mwaka 1877.

Mchana Bell alifundisha, na usiku alifanya majaribio ya umeme. Alisaidiwa na fundi hodari aliyeitwa Thomas Watson. Wakati huo watu waliweza kupelekeana habari kwa simu ya maandishi, ambayo ilipitisha alama tu katika waya. Bell alitaka sauti yenyewe ya mtu ipite katika waya. Watu wengine pia walikuwa wakilitafuta jambo hilohilo. Mwezi wa Machi 1876 serikali ya Marekani ilimpa Bell haki ya uvumbuzi huo, na siku chache baadaye Watson, akiwa katika chumba kingine, alisikia katika waya maneno ya Bell akimwita.

Sikiliza kwa makini jinsi sehemu ya simu ile inayowekwa sikioni ilivyofanya kazi, kwa sababu tutaihitaji mbele. Ndani yake mlikuwa na sumaku yenye waya uliozungushwa mara nyingi. Waya uliozungushwa hivyo huitwa koili. Mbele ya koili palikuwa na kisahani chembamba cha chuma. Mkondo wa umeme ulipobadilika katika koili, nguvu ya sumaku nayo ilibadilika, kisahani kikatikisika, na sikio likasikia sauti. Hata mkondo mdogo sana wa umeme, ambao hauwezi kuwasha taa, uliweza kusikika katika simu. Kwa hiyo simu haikuwa chombo cha mazungumzo tu. Ilikuwa pia sikio la kusikilizia umeme.

Risasi mwilini mwa Rais

Tarehe 2 Julai, 1881, James Garfield, Rais wa Marekani, alikuwa katika stesheni ya reli mjini Washington. Alikuwa ameshika madaraka kwa muda wa miezi minne tu. Mtu mmoja alimjia kwa nyuma akampiga risasi mbili. Moja ilimkwaruza mkono. Ya pili iliingia mgongoni ikabaki mwilini.

Madaktari walikusanyika. Kila mmoja alitaka kujua risasi iko wapi. Wakati huo hapakuwa na mashine ya eksirei, kwani miali hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, yaani miaka 14 baadaye. Madaktari walitia vidole na vyombo katika jeraha, na wengi wao hawakunawa mikono kwanza. Joseph Lister wa Uingereza alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba vijidudu huingia katika vidonda na kuleta usaha, lakini madaktari wengi wa Marekani walikuwa bado hawajakubali mafundisho yake.

Bell alikuwa na umri wa miaka 34. Aliposikia habari hizo alijiuliza swali hili: ikiwa umeme na simu vyaweza kuchukua sauti kutoka mbali, je, haviwezi kumwambia daktari mahali ilipo risasi? Aliacha kazi zake nyingine, na pamoja na msaidizi wake Sumner Tainter wakafanya kazi usiku na mchana.

Mizani ya koili mbili

Huenda utauliza kwa nini hakutumia sumaku tu. Kumbuka uliyojifunza kuhusu sumaku. Sumaku huvuta chuma, lakini haivuti shaba, fedha, dhahabu wala risasi. Nasi katika Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka katika bunduki na kwa metali laini nzito ambayo zamani ilitumika sana kukitengeneza. Sumaku isingeweza kuitambua risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield. Ilihitajika njia nyingine.

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza aligundua jambo kubwa. Ukiwa na koili mbili zilizo karibu ambazo hazigusani, nawe ukabadilisha mkondo wa umeme katika koili ya kwanza, mkondo huzaliwa katika koili ya pili. Nguvu ya sumaku inayobadilika ndiyo inayovuka nafasi iliyo kati yao. Mwaka 1879 David Hughes alitumia jambo hilo kutengeneza chombo alichokiita mizani ya umeme, na Bell akaendelea kutoka hapo.

Umewahi kuitazama mizani ya sokoni, ile yenye sahani mbili? Uzito wa pande zote mbili ukilingana, mizani hutulia. Ukiongeza hata punje chache upande mmoja, mizani huinama. Mizani ya koili hufanana na hiyo. Katika umbo mojawapo la chombo chake, Bell aliweka koili mbili bapa, moja ikipanda juu ya sehemu ya nyingine. Koili ya kwanza ilipewa umeme wa betri uliokatwa na kuungwa upesi upesi. Koili ya pili iliunganishwa na simu. Bell alizisogeza koili hizo polepole mpaka akapata mahali ambapo nguvu zinazoingia katika koili ya pili zilifutana. Hapo simu ilinyamaza. Mizani ilikuwa imetulia.

Sasa kipande cha metali kikiletwa karibu, hata kama si chuma, mikondo midogo ya umeme huzaliwa ndani ya metali hiyo. Mikondo hiyo hutoa nguvu yake ya sumaku na kuharibu usawa wa mizani. Ndipo simu huvuma. Nyama, damu na ngozi haziharibu usawa huo kwa kiasi cha kusikika. Kwa hiyo mtu aliyeweka simu sikioni, huku akipitisha koili juu ya mwili, angeweza kusikia metali bila kukata ngozi.

Kubadili koili

Kulijua jambo si sawa na kuliweza. Chombo cha kwanza kiliitambua risasi iliyokuwa karibu tu, na risasi ya Rais ilidhaniwa kuwa imeingia ndani. Bell na Tainter walitengeneza koili za ukubwa na maumbo mbalimbali, wakazibadili moja baada ya nyingine, wakisikiliza kila mara. Walijaribu pia waya wa namna mbalimbali, betri mbalimbali, na njia mbalimbali za kuviunganisha vyombo.

Kwa nini kubadili koili kulikuwa na maana? Kwa sababu nguvu ya sumaku ya koili haifiki mbali sana. Koili pana hupeleka nguvu yake mbali zaidi kuliko koili nyembamba, nayo huweza kutambua kitu kilicho ndani zaidi. Lakini koili pana ina udhaifu wake. Nguvu yake imetawanyika, hivyo kitu kidogo sana chaweza kuipita bila kusikika, na ni vigumu kujua mahali hasa kilipo. Koili ndogo haifiki mbali, lakini hukitambua kitu kidogo kilicho karibu na kukionyesha mahali pake barabara. Hakuna koili moja iliyo bora kwa kila kazi. Mtafutaji lazima ajue anatafuta nini na kiko umbali gani, kisha achague.

Bell hakwenda kwa Rais mara moja. Kwanza alificha risasi katika mifuko ya pumba na katika vipande vya nyama, akazitafuta. Kisha aliwaendea askari wazee waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, ambao walikuwa wamebaki na risasi mwilini tangu wakati huo. Chombo kiliweza kuonyesha mahali risasi hizo zilipokuwa. Bell alitiwa moyo.

Chumbani mwa mgonjwa

Jioni ya tarehe 26 Julai, 1881, Bell alikwenda Ikulu ya Marekani na chombo chake. Rais alikuwa amelala kitandani, amedhoofika. Bell alisikiliza, lakini simu ilitoa kelele iliyofunika sauti nyingine zote. Alirudi katika karakana yake na kuchunguza kila waya. Akakuta kwamba sehemu moja ya chombo ilikuwa imeunganishwa vibaya kabla ya kuondoka. Alisahihisha kosa hilo.

Tarehe 1 Agosti alirudi tena. Safari hii chombo kilikuwa salama. Koili ilipitishwa juu ya mwili wa Rais, upande wa kulia, kwa sababu daktari mkuu aliamini kwamba risasi ilikuwa upande huo. Bell alisikia sauti hafifu. Lakini sauti hiyo haikutoka mahali pamoja, kama ilivyopasa kuwa kwa risasi moja ndogo. Ilisikika katika eneo pana. Daktari mkuu alifurahi, akidhani kwamba maoni yake yamethibitishwa. Bell hakuridhika. Jambo lile halikufanana na aliyoyaona katika majaribio yake.

Kesho yake alirudi kuuliza kama metali zote zilikuwa zimeondolewa karibu na kitanda. Ndipo watu wakakumbuka kwamba chini ya godoro la manyoya alilolalia Rais palikuwa na godoro jingine, nalo lilifumwa kwa nyaya za chuma! Bell alitafuta godoro la namna hiyo akalijaribu. Mwanzoni aliona kwamba godoro hilo peke yake halikutosha kueleza sauti aliyoisikia. Hata hivyo, hakupata nafasi nyingine nzuri ya kumpima Rais. Hali ya mgonjwa ilizidi kuwa mbaya. Rais Garfield alifariki tarehe 19 Septemba, 1881, siku 79 tangu alipopigwa risasi.

Kosa lilikuwa wapi?

Baada ya kifo, madaktari waliufungua mwili. Risasi ilikuwa ndani sana, tena upande wa kushoto. Bell alikuwa ametafuta upande wa kulia. Hata koili bora kuliko zote haiwezi kuonyesha kitu mahali ambapo hakipo.

Watu wengi walioichunguza habari hii baadaye wameona sababu tatu. Kwanza, utafutaji ulifanywa upande mmoja tu, kwa kuwa mkubwa alikuwa na hakika na maoni yake. Pili, nyaya za chuma katika godoro zilikuwa karibu na koili, na chombo hakibagui metali unayoitaka na metali usiyoitaka. Tatu, risasi ilikuwa mbali na ngozi, pengine mbali kuliko nguvu ya koili ilivyoweza kufika.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba risasi yenyewe huenda isingemwua Rais. Ilikuwa imetulia mwilini, kama zile za askari wazee. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kilichomwua hasa ni usaha ulioletwa na vijidudu kutoka katika vidole na vyombo vichafu. Kwa hiyo kumbuka, mwanafunzi, kwamba kunawa mikono kabla ya kugusa kidonda ni sayansi kama ilivyo sayansi kutengeneza chombo cha umeme.

Maisha yake ya baadaye

Mwezi wa Agosti wa mwaka huohuo, Bell alipata msiba wake mwenyewe. Mtoto wake wa kiume alizaliwa kabla ya wakati, akafariki upesi kwa kuwa hakuweza kupumua vizuri. Bell hakukaa na huzuni peke yake. Alibuni chombo cha kumsaidia mtu kupumua kwa kubadilisha msukumo wa hewa kuzunguka kifua. Vyombo vya namna hiyo vilikuja kuwasaidia wagonjwa wengi miaka mingi baadaye.

Aliendelea pia na kazi ya kutafuta risasi. Alitengeneza sindano iliyounganishwa na simu. Sindano hiyo ilipogusa metali ndani ya mwili, simu ilitoa mlio. Madaktari kadhaa waliitumia kabla ya eksirei kuenea.

Katika miaka yake ya uzee Bell alichunguza ndege na mashua ziendazo kasi. Aliendelea pia kushughulikia elimu ya wasiosikia, ingawa katika jambo hilo si watu wote waliokubaliana naye. Yeye alitaka wasiosikia wafundishwe kusema kwa midomo, naye aliipinga lugha ya alama. Leo watu wengi wasiosikia wanaona kwamba alikosea, kwa sababu lugha ya alama ni lugha kamili na ni haki yao. Mtu mwenye akili nyingi aweza kukosea. Ndiyo sababu twapaswa kuyapima mawazo ya kila mtu.

Bell alifariki nchini Kanada tarehe 2 Agosti, 1922, akiwa na umri wa miaka 75. Wakati wa mazishi yake, simu katika Amerika ya Kaskazini zilinyamazishwa kwa muda wa dakika moja ili kumpa heshima.

Koili katika siku zetu

Ukitoka Mwanza ukavuka ghuba ya Ziwa Viktoria kwenda Sengerema na Geita, utafika katika nchi yenye dhahabu. Huko wako wachimbaji wadogo wanaotafuta vipande vya dhahabu kwa chombo cha kutambua metali. Chombo hicho ni fimbo ndefu. Mwishoni mwake pana kisahani bapa, na ndani ya kisahani hicho mna koili. Mtafutaji huvaa visikizio masikioni, akapitisha kisahani polepole karibu na ardhi. Kazi ni ileile ya Bell: kusikiliza metali isiyoonekana.

Mtafutaji mwangalifu anaweza kuwa na koili zaidi ya moja. Penye udongo wa kina huweka koili pana. Penye mawe yaliyosongamana, au penye vipande vidogo vya dhahabu karibu na uso wa ardhi, huiondoa na kuweka koili ndogo. Anapobadili koili hufuata utaratibu huu. Kwanza huzima chombo. Kisha hufungua waya wa koili ya zamani, huweka koili mpya inayopatana na chombo hicho, na kuukaza waya wake usilegee, maana waya unaotikisika hutoa kelele za uongo. Halafu huwasha chombo na kukituliza upya juu ya udongo wa mahali hapo, kwa sababu udongo wenye chembe za chuma nao huweza kukivuruga. Mwisho hukijaribu kwa kipande cha metali anachokijua kabla ya kuanza kutafuta asichokijua. Tena huweka mbali jembe, sururu na panga. Asipofanya hivyo, atakuwa kama watu waliolisahau godoro la Rais.

Jaribio: Metali inayoficha metali

Vitu vinavyohitajika: sumaku ndogo, uzi, msumari mkubwa wa chuma, kipande cha waya wa shaba, karatasi ngumu, na mfuniko wa bati au wa chuma. Fanya jaribio hili juu ya meza ya mbao isiyo na misumari karibu.

1. Funga sumaku kwa uzi. Mwambie mwenzako aufiche msumari chini ya karatasi. Pitisha sumaku juu ya karatasi, karibu sana. Je, waweza kutambua mahali ulipo msumari?

2. Ondoa msumari, weka waya wa shaba mahali pake. Sumaku inafanya nini sasa?

3. Weka mfuniko wa chuma chini ya karatasi, na msumari juu ya mfuniko huo. Pitisha sumaku tena. Inavutwa mahali pamoja, au kila mahali?

Andika katika daftari yale uliyoyaona, hata kama siyo uliyoyatazamia.

Maswali

1. Bell alizaliwa mwaka gani, na katika nchi gani?
2. Kwa nini sumaku isingeweza kuitambua risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield?
3. Eleza tofauti iliyopo kati ya kazi ya koili pana na kazi ya koili ndogo.
4. Sauti aliyoisikia Bell tarehe 1 Agosti, 1881, ilikuwa na dalili gani iliyomtia mashaka?
5. Taja sababu tatu zilizofanya risasi isipatikane.
6. Katika jaribio lako, ni kitu gani kilichofanya kazi kama godoro la Rais?
7. Mwenzako amepoteza ufunguo wa chuma. Ana hakika kwamba umeanguka upande mmoja wa uwanja wa shule, naye hataki utafutwe upande mwingine. Utamshauri nini, na kwa nini?